Liza na Annie, kitabu kilichofika mahakamani

Kuna riwaya natamani vijana waisome na wazazi pia, Annie on My Mind ya Nancy Garden, ilitoka Marekani 1982. Liza na Annie ni wasichana wa miaka 17, wanakutana jumba la makumbusho New York, wanazoeana wanazurura mji mzima wakicheka, mpaka Liza anaanza kustuka kwamba kinachompanda moyoni sio urafiki tu. Na mwandishi hamharakishi jamani, anamwacha aogope, akatae, ajiulize, aende hadi kwenye ensaiklopidia ya baba yake atafute habari za watu kama yeye, anasoma maelezo marefu weee halafu neno upendo halimo hata mara moja. Hapo nilifunga kitabu kwanza nikakaa kimya.

Wanaosema vitabu hivi vinawaharibu watoto naomba waisome hiyo sehemu. Liza hakuna kitabu kilichomfundisha chochote, hisia alikuwa nazo tayari, alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba yeye ni binadamu mzima.

Na sio kwamba mambo yanakuwa mteremko. Shule inajua, walimu wawili wa kike wanaoishi pamoja wanafukuzwa kazi (hii inaniuma kuliko yote), Liza anaenda chuo na barua ya Annie inamshinda kumaliza, anaandika anaacha, mwisho ananyanyua simu anampigia. Hakuna anayekufa! Zamani riwaya nyingi za vijana wa namna hii lazima mtu afe au gari lipate ajali, kama vile kupenda kwenyewe ni kosa la kulipia.

Sasa 1993 nakala zikatolewa zawadi kwa shule za eneo la Kansas City, moja ikachomwa moto hadharani, na kule Olathe, Kansas, wakubwa wa shule wakaikataa zawadi na kuondoa hata nakala zilizokuwepo maktaba miaka yote bila shida. Wanafunzi hawakukubali, wao na wazazi wao wakafungua kesi, na Novemba 1995 jaji Thomas Van Bebber akaamua kwamba kukiondoa ni kuvunja Katiba, manake kilitolewa kwa sababu tu wakubwa hawakuyapenda mawazo yaliyomo. Kitabu kikarudishwa maktaba, na wakati huo baadhi ya waliokipigania walikuwa wameshamaliza shule, wao wenyewe hawakupata kukiazima tena pale.