Nilivyobandua saruji kwenye nyumba ya bibi, Mikindani

Nyumba ya bibi ipo Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, chini ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba ni vyembamba, maana zamani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko.

Nilipoirithi, lipu ya chini ilikuwa inameguka. Nikafanya ninachokijua: saruji, fundi kijana, siku tatu, kazi imeisha. Ikapendeza kweli.

Masika ya pili ukuta ukaanza kutoa unga mweupe. Nikaulamba: chumvi. Baadaye saruji ikabanduka kwa mabamba, na kila bamba likang'oka na vipande vya jiwe.

Jirani akaniletea fundi mzee. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akagonga ukuta kwa kidole cha kati, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ukuta unatoka jasho, nawe umeuvika koti la mvua." Maji yanapanda kutoka ardhini. Chokaa huyaacha yatoke nje taratibu. Saruji huyafungia, chumvi ikabaki ndani inatafuna jiwe.

Kibali nilikwenda kuomba kwanza, kwani hizi ni nyumba za kale. Beba picha za kila ukuta. Mimi nilirudi nyumbani kuzifuata.

Saruji tuliibandua kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, tukauacha ukuta wazi kiangazi kizima ukauke. Chokaa tuliiloweka kwenye pipa wiki kadhaa, hadi ikawa laini kama mtindi. Mchanga nilileta wa ufukweni, si upo hapo hapo? Mzee akachota kidogo, akaweka ulimini, akatema. "Chumvi umeitoa mlangoni, unairudishia dirishani." Tukaagiza wa mtoni. Vipimo vilikuwa kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, ukuta unamwagiwa maji kwanza, lipu inapigwa nyembamba, tabaka kwa tabaka, halafu inafunikwa magunia mabichi jua lisiipasue. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika mara mbili, nikagombana na mzee bure.

Masika yaliyopita ukuta wa barazani ulilowa, ukakauka, haukutoa unga. Chumba cha nyuma bado kina saruji yangu. Mzee kila akipita hukigonga kwa kile kidole, ananitazama, anaenda zake.