Bastola kiunoni, hapa Dallas

Leo kwenye foleni ya supamaketi, mzee mbele yangu alikuwa na bastola kiunoni, na watu wala hawashtuki. Nikamvuta mwanangu karibu. Ndiyo Texas: tangu Septemba 2021 watu wazima wengi hawahitaji hata leseni, na sheria ya jimbo inayakataza majiji kujiwekea masharti yao ya silaha. Sasa polisi wa mjini wafanyeje? Julai 2016 askari watano waliuawa hapa Dallas wakati wa maandamano. Baadhi ya waandamanaji walikuwa na bunduki begani, kihalali kabisa. Mkuu wa polisi wa wakati huo, David Brown, alisema wazi: risasi zikianza kulia, askari hajui nani mwema, nani muuaji. Kinachoniumiza zaidi ni vijana wetu weusi. Wao wakibeba, nani atawauliza kwanza kabla ya kuwaelekezea bunduki?