Kahawa Ninayoimenya, Ninaionja Mwenyewe

Huku Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukikaribishwa nyumbani kwa mkulima wa kahawa, utaletewa chai. Nami nilikuwa hivyo hivyo: nachuma, namenya, naanika, napeleka chama cha msingi cha ushirika, basi. Kahawa ilikuwa ada ya shule na bati za paa. Nimekuja kuipenda kazi hii kwa ajili ya kikombe, wala si bei, maana bei hupanda na kushuka mnadani Moshi mjini bila kuniuliza. Tangu nianze kukaanga na kuonja kila fungu, yale niliyokuwa nayaita ukorofi wa wakaguzi wa ubora wa kahawa nimeyaelewa kwa ulimi wangu. Ninavyofanya ni hivi.

Kahawa ya maganda, yaani punje zilizokwisha kumenywa lakini bado zina ganda gumu la ndani, ikishakauka, nachukua gramu 150. Naitwanga taratibu kwenye kinu cha mbao na kuipeta. Inabaki kama gramu 120. Katika hizo nakaanga 100 kwenye sufuria nzito juu ya mkaa wa wastani, mwiko hausimami. Buni hutoka kijani, huwa njano na kunukia kama nyasi kavu, kisha kahawia, halafu huanza kupasuka kama bisi. Milio ikipungua, nahesabu dakika moja, naimwaga kwenye ungo na kuipeta mpaka ipoe. Kazi nzima huchukua dakika 10 hadi 14. Ukiwahi kwa moto mkali, nje inaungua na ndani bado mbichi, kisha utailaumu kahawa bure. Ikianza kung'aa mafuta umepitiliza, maana hapo unaonja moshi tu.

Kesho yake nasaga gramu 10 kwa kila kikombe, na kila kikombe nakisagia peke yake. Vikombe ni vitatu vya fungu lile lile. Maji mililita 180, yaliyochemka kisha yakatulia nusu dakika. Baada ya dakika 4 navunja povu la juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, naliondoa, nangoja ipoe kidogo ndipo navuta funda kwa kelele. Bila sukari, bila tangawizi. Narudia ikiwa imepoa kabisa, maana joto huficha aibu nyingi. Vikombe viwili vikiwa vizuri na kimoja kinanuka, ujue kuna buni moja iliyooza. Moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima.

Hiyo buni moja ndiyo iliyonifundisha kuosha mashine ya kumenyea, ile inayotoa punje kwenye tunda. Ukifungua mfuniko wake na kumulika tochi, utaona punje mbili tatu zimejibana kwenye kona ya bamba. Zinalala humo, zinaoza, na kesho zinatoka pamoja na kahawa mpya bila mtu kuzitambua. Siku hizi mashine hailali bila kupigwa brashi na maji, na kabla ya kuanza tena naipima kwa konzi chache za matunda. Punje zikitoka zimekatwa au kuchunika ganda, nafasi ni finyu, nailegeza. Matunda yakipita mazima, nakaza. Punje iliyokatwa huwa nyeusi pale ilipojeruhiwa na huvunda haraka kuliko wenzake. Na kwa kuwa matunda yenyewe hayalingani, hakuna kipimo kimoja cha msimu mzima.

Uchumaji sitauzungumzia sana. Mekundu tu, yamenywe siku hiyo hiyo, na kabla ya kumenya nayamwaga kwenye pipa la maji: yanayoelea yanaenda kukaushwa kivyake kama kahawa ya daraja la chini. Ukichanganya mabichi, kikombe kitakwambia: kina ladha ya majani mabichi na kinakausha ulimi.

Penye moyo wa kazi ni kwenye kuvundika, yaani kuziacha punje zichachuke. Punje zikitoka kwenye mashine zimevaa utelezi, na utelezi huo lazima ulegee ndipo uoshwe. Wengi huvundika kwa saa za kukariri. Sasa Julai na Agosti, ukungu ukishuka huku juu, fungu langu huchukua saa 36, hata 48. Oktoba jua likishakolea, saa 20 zinatosha. Kwa hiyo saa ni ya kukukumbusha tu, mwenye kuamua ni mkono. Nachota konzi, naisuuza, naisugua. Ikiteleza kama bamia, bado. Ikikwaruza kama changarawe, tayari. Kipimo kingine ni kuchomeka kijiti katikati ya fungu na kukichomoa: tundu likibaki wazi, osha sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku. Ukisema ngoja kuche, kikombe kitakuja na uchachu wa siki, na hakuna jua litakaloutoa. Kosa jingine ni kumwagia kahawa ya leo juu ya ile ya jana. Ya jana itapitiliza, ya leo haitakuwa tayari, na utaziosha zote kwa pamoja.

Baada ya kuosha nailoweka kwenye maji safi saa 12 hadi 24. Maji yakiwa machafu au yakikaa muda mrefu, buni hushika harufu ya kitunguu kilichooza.

Kwenye kichanja cha waya, saa za kwanza kahawa ikiwa bado imelowa ndizo za kuchambua, kwa sababu weusi, mikato na matundu ya wadudu huonekana wazi. Ikikauka, ganda huficha kila kitu. Natandaza unene wa sentimita 2 hadi 3 na kugeuza kila saa. Jua la saa sita hadi saa tisa naifunika siku za mwanzo, la sivyo ganda hupasuka. Usiku na mvua, turubai. Kahawa iliyokauka ikanyeshewa tena huota ukungu, na ladha yake ni ya vumbi la stoo.

Kujua imekauka, wazee huuma kwa jino. Mimi naongeza mizani: siku ya kwanza, maji yakishachuruzika, naweka kilo moja kwenye mfuko wa wavu na kuuacha humo humo kichanjani. Kila jioni naupima. Ikikaribia nusu kilo, unyevu uko karibu na asilimia 12, nayo siku hiyo inaingia kwenye gunia la katani. Mfuko wa mbolea haufai hata ukiufua mara ngapi. Gunia linakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, mafuta ya taa na moshi wa jikoni, kwani kahawa hunyonya harufu kama kitambaa.

Daftari langu lina safu tano: tarehe, kilo za matunda, saa za kuvundika, siku za kichanjani, na alama za kikombe. Matunda kilo 100 hunipa kahawa ya maganda kama kilo 20. Msimu uliopita fungu la saa 40 lilipata alama kubwa kuliko la saa 48 la wiki hiyo hiyo, kwa hiyo Julai hii kengele ya simu nimeiweka saa ya 34, nianze kuchungulia mapema.