Penseli Pembezoni mwa Ukurasa

Nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kipo kitabu cha mapishi alichokinunua marehemu mama kabla sijaanza shule. Ukikishika tu, hufunguka chenyewe kwenye mkate wa kumimina, kwa kuwa uti wake umelegea hapo na karatasi imelowa samli miaka nenda miaka rudi. Pembezoni, mkabala na kipimo cha tui, mama aliandika kwa penseli: "Mchele mpya, tui punguza."

Ramadhani iliyopita nilikiacha kabatini nikafuata maelekezo niliyoyapata kwenye simu: mchele nusu kilo, tui vikombe viwili. Nilipima kwa kikombe chetu cha chai, rojo likawa jepesi kama uji, na mkate ukabonyea katikati huku adhana ya magharibi ikikaribia. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba kikombe si kipimo kimoja duniani, kwani cha Marekani huingia takribani mililita 240, cha Australia 250, na kile cha zamani cha Uingereza kama 284. Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston, Marekani, alisisitiza vipimo vya kusawazisha, yaani kikombe au kijiko kilichojazwa kisha kikalinganishwa juu, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896 kwa sababu hiyo hiyo, ili mpishi wa mbali apate kile alichokipata yeye. Kitabu cha mama hutaja ukubwa wa kikombe chake katika kurasa za mwanzo, ilhali maelekezo yanayonakiliwa mtandaoni kutoka mkono hadi mkono huudondosha njiani.

Siubezi mtandao. Video moja fupi ilinionyesha namna rojo lililoumuka vizuri linavyoteremka kutoka kwenye upawa, zito na lisilokatika, jambo ambalo hakuna maandishi yaliyowahi kunieleza nikaelewa. Ila nilipoitafuta tena baada ya Idi, ilikwisha kuondolewa, na mikono iliyojaa chicha haifai kupekua simu.

Kwa hiyo sasa ninachokipenda mtandaoni nakijaribu kwanza, kisha nakinakili kwa mkono kwenye kurasa tupu za mwisho wa kitabu. Juu kabisa nimeandika: "Kikombe chetu cha chai, mililita 350", na chini ya maneno ya mama, kwa penseli vilevile, nimeongeza: "Kweli. Mchele wa mwaka huu, tui kikombe kimoja na robo."