Futari Kando ya Mfereji wa Saen Saep

Juzi tumekaa mkekani tunasubiri adhana, mtoto wa dada yangu akaniuliza, "Mamdogo, umewahi kufuturu peke yako?" Nikamjibu hapana, haraka haraka, kisha nikanyamaza. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Bangkok, Thailand, Ramadhani ya Juni 2016.

Ilikuwa safari ya fedha kidogo. Kitanda cha bwenini Banglamphu, nyuma ya mtaa wa Khao San, baht 200, fedha ya Thailand, kwa usiku, yaani kama shilingi elfu kumi na mbili za Tanzania za wakati ule. Kiingilio cha Kasri la Mfalme kilikuwa baht 500, kwa hiyo nililizunguka kwa nje, nikifuata ukuta wake mweupe hadi nikarudi nilikoanzia. Hekalu la Wat Arun nililivukia mto kwa pantoni ya baht 3, nikalikuta limezungushiwa majukwaa ya mafundi. Bustani ya Lumphini ni bure, na kenge wake wakubwa hukatiza njia bila kumjali mtu. Yalikuwapo pia mabasi mekundu yenye sakafu ya mbao ambayo serikali ilikuwa ikiyaendesha bila nauli. Kwenye yale ya kulipia, konda hutembea na kopo refu la bati lenye sarafu na tiketi, analifungua na kulifunga, ka! ka! ka!, na mimi mara ya kwanza nilidhani namsikia konda wa daladala ya Mwenge–Posta, kule Dar, akichezesha chenji kiganjani.

Lakini nililopenda kuliko yote ni boti za mfereji wa Saen Saep. Mfereji huo ulichimbwa kuanzia mwaka 1837, zama za Mfalme Rama wa Tatu, kupeleka askari na vifaa vya vita upande wa mashariki. Siku hizi unapeleka watu kazini. Kijana wa mapokezi alikuwa amenionya, maana Machi ya mwaka uleule injini ya boti moja ililipuka na makumi ya watu wakaumia. Nilikwenda hata hivyo. Maji meusi, yananuka, na boti inakwenda kasi. Makonda wamevaa helmeti, wanatembea kwenye ukingo wa nje wakiwa wameshika kamba, wanakusanya nauli. Boti nyingine ikipita, abiria wa pembeni huvuta kamba kupandisha turubai ili maji yasiwarukie wenzao. Ukikaa pembeni, hiyo ndiyo kazi yako, na hakuna anayekuomba uifanye. Kwenye madaraja ya chini, paa lenyewe hushushwa na watu wote huinamisha vichwa.

Jioni ile nilishuka gati la Hua Chang nikitaka walau kuiona kwa nje nyumba ya Jim Thompson, yule Mmarekani aliyeitangaza hariri ya Thailand duniani kisha akapotea Malaysia mwaka 1967, asionekane tena. Nilikuwa na swaumu. Mkobani nilikuwa na chupa ya maji na mkate mdogo. Nilipanga kufuturu palepale gatini. Nikamwona mzee mwenye kofia nyeupe ya sala anavuka daraja, amebeba sufuria kwa mikono miwili. Nikamfuata.

Ng'ambo ndiko Ban Khrua. Ni mtaa wa Waislamu wa asili ya Kicham, jamii ya Kambodia na Vietnam, ambao wazee wao waliipigania Siam, jina la zamani la Thailand, na kupewa ardhi hiyo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wafumaji wa hapo ndio walioifuma hariri iliyompa Thompson jina. Na ni watu haohao waliopambana kwa miaka mingi na mpango wa barabara ya kulipia iliyotaka kupita juu ya nyumba zao, mpaka ikashindikana. Haya niliyasoma baadaye. Siku ile niliona tu vichochoro vya kupishana kwa bega, nguo zimeanikwa, na mlango wa msikiti uko wazi.

Bibi mmoja aliniona nimesimama. Nikamwamkia kwa salamu yetu ya Kiislamu, akaitikia, akaniangalia begi na viatu vyangu. Nilipoushika mkono wake nikaubusu, kama tunavyofanya nyumbani Tanga kwa wakubwa, hakushtuka hata kidogo. Akanishika kiwiko, akanipeleka upande wa wanawake, akawasogeza wasichana wawili ili nipate nafasi.

Tukakaa. Mbele yangu palikuwa na kisahani cha tende, glasi ya maziwa ya rangi ya waridi yenye barafu, na bakuli la wali wa njano uliofunikwa. Mchuzi wa mchaichai na tui ulinukia mpaka kooni. Kule jua huzama baadaye kuliko Tanga mwezi huo, na mwili wangu ulikuwa umeshahesabu kwamba muda umepita. Hakuna aliyezungumza. Boti ikapita mferejini, mawimbi yakagonga kuta, glasi zikatetemeka, barafu ikalia ndani ya maziwa. Mtoto akanyoosha mkono kwenye tende, mama yake akaushika na kuurudisha pajani bila kumtazama. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nikayatambua maneno. Nikaanza kuyasoma naye kwa sauti ya chini, dua yetu ileile ya kufungulia, naye akafumbua macho, akasogea, bega lake likagusa langu. Tulikuwa hivyo adhana ilipoanza.

Baada ya sala niliosha vyombo pamoja na wasichana. Nikatoa baht 20 na mkate wangu; vyote vikakataliwa. Nikapewa mfuko wa wali kwa ajili ya daku. Boti za upande wangu zilikuwa zimekwisha, mjukuu wa yule bibi akanisindikiza hadi barabara kubwa nikapata basi, na lenyewe halikuwa na nauli.

Watu huniuliza kama inawezekana kusafiri bila fedha nyingi, nami hujibu inawezekana. Lakini usiku ule, kitandani, mfuko wa wali ukiwa bado na joto, nilijiuliza ni nani hasa aliyekuwa akiilipia safari yangu. Wale watu hawakuwa matajiri. Bado najiuliza.

Kesho yake nilipanda boti hadi gati la Nana, kwenye uchochoro wa maduka ya Waarabu, nikanunua pakiti nzuri ya tende kwa bei ya kitanda changu. Jioni nikampelekea bibi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua palepale, akawagawia watu wa safu nzima, na zilizobaki akanitia mkobani.