Stelingi yupi? Kuhusu Pete Postlethwaite

Tulivyokuwa wadogo Tanga, muvi ilikuwa na watu wa aina mbili tu, stelingi na adui, wengine wote ni wa kufa. Ukichelewa kuingia kibanda umiza unauliza swali moja, "stelingi yupi?", ukishaonyeshwa unabana kwenye benchi unaendelea. Sasa siku hiyo wakaweka ile Jurassic Park ya pili, The Lost World ya 1997, na mle ndani kuna mzee mmoja mwindaji, kipara, mashavu yamechongoka kama kinyago cha mpingo, macho hayapepesi. Nikauliza huyu ni adui? Jamaa wa pembeni akasema sijui bado. Muvi imefika mwisho, bado hajui.

Na jina lake sasa. Roland Tembo! Kibanda kizima kilicheka, maana kwetu tembo ni ndovu sawa, lakini tembo ni ile ya mnazi pia, na mzungu wa kuitwa pombe hatukuwahi kumuona.

Miaka mingi baadae ndo nikaja kujua kuna kipande kilikatwa kwenye ile muvi, Tembo anaanza kwa kuonekana baa, Mombasa, anamtetea mhudumu anayesumbuliwa na watalii na anapigana mkono mmoja umefungwa nyuma. Wakakitoa! Yaani sisi wa pwani tulinyimwa seni yetu, hilo mimi sijasamehe.

Basi huyo ndo Pete Postlethwaite, na kusema ukweli kulitamka hilo jina la pili mpaka leo nababaisha. Wenyewe Waingereza lilikuwa linawashinda, alipoanza kazi alishauriwa alibadilishe, alikuwa anatania kwamba walimwambia halitawekwa kwenye taa za nje ya ukumbi kwa sababu litamaliza umeme (wenye mita za LUKU, umeme wa kulipia kabla, mnaelewa). Akagoma. Alizaliwa nalo Warrington, kaskazini mwa Uingereza, 1946, familia ya Kikatoliki ya watu wa kazi za mikono, na atakufa nalo.

Kwanza alikuwa mwalimu, alifundisha maigizo shule ya wasichana Manchester, halafu ndo akaenda kusomea uigizaji Bristol. Miaka ya 70 yuko Liverpool, ukumbi wa Everyman, na ukiangalia kikosi cha pale unashika kichwa, Julie Walters, Bill Nighy, Jonathan Pryce, mastaa wa baadae hao, wakati huo wote wadogo, wote hawajulikani. Baada ya hapo miaka ya 80 akaingia kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare. Kwa hiyo sisi tunamuona kwenye dinosaria tunadhani ndo kaanza juzi, kumbe mtu ana miaka zaidi ya ishirini anatoka jasho kwenye steji.

Sinema ilimjua vizuri akiwa karibu na hamsini. In the Name of the Father, 1993. Kama hujaiona acha kusoma hii nenda kaitafute. Ni kisa cha kweli, mabomu ya baa za Guildford, Uingereza, 1974, vijana wa Kiairishi wanabambikiwa kesi, na baba wa mmoja wao, Giuseppe Conlon, mgonjwa wa mapafu, anakuja London kumsaidia mwanae na yeye anasombwa humo humo, akafia kifungoni 1980. Kwenye muvi wamewaweka baba na mwana selo moja, kiuhalisia haikuwa hivyo, ila nawasamehe maana bila hiyo selo tusingepata tulichopata. Daniel Day-Lewis ndo stelingi, anapiga kelele, anarusha vitu, anakufuru. Postlethwaite yeye anakohoa. Anakunja shati lake vizuri, anaongea polepole kama mtu anayehesabu pumzi zilizobaki, na wewe macho yanamfuata yeye. Akishakufa wafungwa wanawasha makaratasi moto wanayatupa madirishani usiku, yanashuka taratibu uani, mimi hapo huwa nasimamisha muvi naenda kunywa maji. Walimteua Oscar ya muigizaji msaidizi, ikaenda kwa Tommy Lee Jones wa The Fugitive. Haya.

Baada ya hapo akawa kila mahali, The Usual Suspects 1995 ni wakili anaitwa Kobayashi (mzungu mwenye jina la Kijapani, na kuna sababu yake, siisemi), Romeo + Juliet 1996 ni padri, Amistad pia yumo. Spielberg, muongozaji wa Amistad na ile Lost World, alisema huyu huenda ndo muigizaji bora kuliko wote duniani, yeye mwenyewe akaigeuza utani, akasema nadhani Spielberg alimaanisha Pete ANAJIONA bora kuliko wote duniani.

Lakini yangu mimi ni Brassed Off, 1996. Mgodi wa makaa ya mawe unafungwa Yorkshire, na wachimbaji wana bendi yao ya matarumbeta, yeye ndo kiongozi wa bendi, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Sisi tarumbeta tunazijua za harusi, zile za juu ya pikapu zinazofunga barabara jumamosi, sasa fikiria zile zile zimekuja usiku nje ya hospitali, watu wamevaa helmeti zenye taa, wanampigia mzee wao aliyelala ndani. Anasikia yuko kitandani. Uso wake tu. Hana hata maneno.

2008 akarudi Everyman kule kule alikoanzia akacheza King Lear, ule mchezo wa Shakespeare, wahakiki wengine hawakuipenda, mwaka uliofuata wakaipeleka London. Hela za Hollywood angeweza kukaa nazo tu nyumbani kwake Shropshire, ila steji ilikuwa inamuita. Na 2010 akiwa anaumwa alitoka kwenye The Town kama muuza maua wa Boston, anamtisha Ben Affleck huku anakatakata vijiti vya mawaridi kwa mkasi, hapandishi sauti hata kidogo, mkasi ndo unaongea. Saratani ikamchukua Januari 2, 2011, ana miaka 64.

Sikukuu iliyopita nilikuwa kwa mjomba, nikamwekea The Constant Gardener, ile ya 2005 iliyopigwa Kenya, Kibera na kule Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Mjomba haelewi Kiingereza sana, nusu muvi anasinzia. Kwenye dakika za mwisho mwisho huko, stelingi anashuka kwenye kindege jangwani anamtafuta daktari mmoja aliyejificha, daktari anatokea, amechoka, mashavu yale yale. Mjomba akafungua macho akakaa vizuri.

"Huyu si Tembo?"

Nikamwambia ndo yeye.

"Sasa huku ni adui?"

Nikamwambia mjomba, angalia tu.