Besi ya Magomeni

Mwaka 2009 nilikwenda Magomeni Mapipa kuangalia gitaa la besi ambalo mzee mmoja, mwanamuziki mstaafu wa dansi, alikuwa akiliuza kwa shilingi laki tisa. Bendi tatu zilikuwa zimenivunjikia mikononi kabla hata ya kupanda jukwaani, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba kasoro ilikuwa katika besi yangu ya bei rahisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Alilitoa uvunguni likiwa limeviringishwa kanga. Wapigaji wengi wa rika lake walitumia vyombo vya taasisi zilizomiliki bendi, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, hivyo mtu mwenye gitaa lake mwenyewe hakuwa wa kawaida. Lilikuwa la kampuni ya Fender, aina ya Precision, zito la kuumiza bega, rangi imebanduka pale mkono wa kulia ulipoegemea kwa miaka mingi, na skrubu zake zimeota kutu kama kila chuma kinachoishi na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam. Mzee alisema ni la mwaka 1964. Nilipolikagua, nikaona namba yake ya utambulisho imechapwa kichwani mwa gitaa, ilhali kabla ya mwaka 1976 Fender walikuwa wakiigonga namba hiyo kwenye bamba la chuma linaloshikilia shingo. Nilimweleza kwa adabu, nikihofia kumuudhi, lakini yeye alicheka.

"Ndivyo nilivyoambiwa na aliyeniuzia. Mimi nilikuwa nachezesha watu, sikuwa nasoma namba."

Bei ikashuka hadi laki saba. Hata hivyo alikataa kupokea fedha kabla hajanisikia, akawaita jirani yake mpiga gitaa la solo na kijana mmoja wa ngoma za tumba, tukaunganisha magitaa kwenye amplifaya ndogo iliyokuwa ikivuma kama nyuki. Nilitaka kuwaonyesha kila nilichojua, kwa hiyo nilijaza kila upenyo kwa noti, mpaka mzee alipoinuka, akaweka kiganja juu ya nyuzi zote nne, zikanyamaza.

"Umesikia tumba inauliza nini? Ijibu, kisha nyamaza."

Tulianza upya. Nilipiga noti tatu nikaacha nafasi, tumba ikaingia, nikaijibu kwa mbili, na mpiga solo, ambaye tangu mwanzo alikuwa akinitazama kwa mashaka, akafumba macho na kuanza kuchombeza. Tulizunguka hapo hapo labda kwa nusu saa, na sikumbuki kuangalia vidole vyangu. Besi yangu ya zamani sikuweza tena kuilaumu.

Nilipokwisha kulipa, mpiga solo aliniuliza kama Alhamisi ningekuwa na nafasi. Kijana wa tumba alikuwa kazini Kariakoo siku hiyo, tukakubaliana Jumapili saa kumi jioni. Mzee aliidai kanga yake, kwa kuwa ilikuwa ya mkewe, nami nikapanda daladala nikiwa nimelipakata gitaa tupu, shingo yake ikitokeza dirishani.